Baba na Breki za ABS

Mwaka wa 2007 nilikuwa na gari dogo lililotoka Japani likiwa limeshatumika, na baba mstaafu aliyekuwa ameendesha treni za Kisumu karibu maisha yake yote. Gari la barabarani hakuwahi kuendesha hata siku moja.

Jumamosi moja asubuhi nilikuta mafuta ya breki yamemwagika chini ya gurudumu la nyuma. Mpira wa breki ulikuwa umepasuka na kitangi cha mafuta hayo kimekauka kabisa. Nilinunua mpira mpya, nikaufunga mwenyewe, kisha nikamwita Baba anisaidie kutoa upepo ulioingia kwenye mabomba ya breki.

Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti cha dereva. Nikisema kanyaga, alikanyaga na kushikilia. Mimi chini nikafungua nati ndogo ya breki, mapovu yakapita kwenye kamrija hadi kwenye chupa, nikafunga, ndipo akaachilia. Kila amri aliijibu kwa sauti ya kazini, kama yuko na stesheni kwenye simu. Katikati alinieleza kwamba ninamfukuza rafiki, maana kwenye treni upepo ndio unaoendesha breki. Nikamwambia huku kwetu unaziharibu. Akasema basi hili gari halijafunzwa kazi.

Tulizunguka magurudumu yote, tukarudia, na bado breki ilikuwa laini kama mkate. Nikamfuata mzee Singasinga aliyeniuzia ule mpira, mwenye duka la spea mjini. Alisikiliza akiendelea kunywa chai, halafu akaniuliza kama gari lina ABS, ule mtambo unaozuia magurudumu yasikwame dereva akipiga breki ya ghafla. Nilipokubali, alisema upepo umejificha humo ndani. Fundi mwenye kompyuta angeufungua mtambo kwa kompyuta yake. Asiye nayo atafute barabara ya vumbi, tambarare, isiyo na watu, aende polepole na kukanyaga kwa nguvu hadi mtambo uamke. Kisha arudi kutoa upepo tena.

"Na handbreki iwe inashika," akaongeza. "Mimi sitaki kupoteza customer."

Handbreki ilishika vizuri. Siku iliyofuata, baada ya kanisa, tulikwenda taratibu hadi kwenye njia ya vumbi nyuma ya mtaa wetu, katikati ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Baba alikaa kando yangu na kofia yake ya Jumapili. Nikaongeza mwendo kidogo, nikakanyaga. Breki ikatetemeka chini ya mguu wangu, kitu kikakoroma mbele, na kofia ikaruka hadi kwenye dashibodi.

Baba aliiokota, akaipangusa, akaniangalia.

"Mama, niachie na mimi."

Hivyo ndivyo anavyoniita, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. Nilibadilishana naye kiti, mkono wangu ukabaki kwenye handbreki. Aliondoa gari kwa upole wa ajabu, macho mbele, mgongo umenyooka. Kukanyaga alikanyaga vizuri sana. Tatizo lilikuwa usukani, kwani treni haina: njia ilipinda, Baba akanyooka. Tulisimama ndani ya mabua ya mahindi, vumbi likitushukia, naye akicheka hadi machozi yakamtoka. Tangu astaafu sikuwa nimemsikia akicheka hivyo, na mimi nikashindwa kujizuia.

Tulirudi nyumbani tukarudia kazi. Safari hii yalitoka mapovu madogo madogo, mengi, kisha mafuta safi matupu. Breki ikawa ngumu na ikashika juu. Wiki iliyofuata niliteremka na gari hadi Subukia kumwona shangazi, nikasimama kuwapisha ng'ombe waliokuwa wakivuka barabara, bila wasiwasi wowote.

Niliporudi jioni, Baba alikuwa amesimama getini, na zile herufi nyekundu za L za dereva mwanafunzi mkononi. Alikuwa amejinunulia mwenyewe, na kamba ya kuzifungia.