Jipu Lisiloiva

Niliondoka Iringa kwa sababu ya simu ya pacha wangu, Kulwa, aliyeolewa na mfugaji huko Rujewa. Binti yake Milembe alikuwa amevimba taya. "Dotto, njoo uongee na shemeji yako. Mimi hanisikii tena."

Asubuhi nikatoka nyumbani Mlandege, na mchana nilikuwa Rujewa, jua la Usangu likichoma. Milembe aliniamkia kwa shida, shavu limejaa na kupakwa dawa ya majani, jino moja limeshang'olewa.

"Hilo jipu, shemeji," alisema Masanja, baba yake. "Hata ng'ombe akivimba unasubiri liive, ndiyo unapasua. Ukiwahi linarudi ndani."

"Mmesubiri tangu lini?"

"Tangu tunapandikiza mpunga."

Mpunga sasa ulikuwa unavunwa. Nilikasirika, lakini kabla sijafungua mdomo Milembe alitema uji uliochanganyika na damu. Masanja akaenda kumtafutia shuka la safari.

Mbeya ilitupokea kwa ukungu. Kulwa alibaki wodini na mtoto; mimi na Masanja tulilala Ilomba kwa rafiki yangu. Madaktari walikata kinyama cha uvimbe wakapime, na majibu yalipotoka daktari alituita.

"Hii ni saratani," alisema yule mama daktari taratibu. "Mzee, jipu huiva kwa usaha, na usaha mwingi ni seli nyeupe za damu zilizokufa zikipigana. Hizi za mtoto zimeingiwa na kirusi. Wengi wetu tunacho na hakitudhuru. Ila kwake seli zilizopaswa kupata ishara ya kufa, kirusi kinazipa ishara ya kuishi. Hazifi, zinazaliana tu. Lisingeiva hili."

Masanja alitazama viganja vyake.

Dawa zilipoanza, uvimbe ulinywea hadi Milembe akaomba wali. Tulifurahi kama wajinga. Kumbe seli zilikuwa nyingi mno. Zilipokufa kwa mkupuo, taka zake zikazilemea figo. Alifariki alfajiri, mkono wake ukiwa kwa mama yake.

Tulirudi Rujewa na mwili, tukazika. Nilichojifunza nawaandikia wazazi wenzangu: mtoto akivimba taya, msisubiri liive, mpelekeni hospitali. Daktari aliniambia kando kwamba ugonjwa huu ukiwahiwa, mara nyingi husikia dawa.

Siku ya kurudi Iringa, Masanja alinisindikiza hadi barabarani.

"Dotto, nisingesubiri, angepona?"

"Hapana, shemeji," nikamjibu, nikapanda basi.