Wanasherehe wa Kisondela

Mwanangu, juzi nilikusikia ukicheka na wenzako, mkiwasema majirani waliokuja kwenye kipaimara cha mdogo wako: "Wanasherehe hao, wamefuata pilau." Hapo siku moja ya ujana wangu ilinirudia nzima nzima, pamoja na moshi wake.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, kichwa juu, viatu vya visigino kwenye tope la Kisondela. Dada yangu Tumaini alikuwa anaolewa. Nikajipa cheo cha kusimama njiani na orodha ya waalikwa, maana mjini nilikuwa nimeona watu wakiingia kwa kadi. Kwetu kadi ya nini? Mtu akisikia kuna arusi, anakuja.

Asubuhi, ukungu haujaondoka, wakatokea wanawake wa mtaa wa juu wakiimba, kila mmoja na mkungu wa ndizi kichwani. Mbele alikuwa Bibi Atupele, aliyempokea dada yangu siku anazaliwa. Walikuja kumenya, kupika na kucheza, kama walivyofanya kwenye kila arusi. Nami nikawazuia. "Hawa ni wanasherehe tu," nikasema kwa sauti, "majina yao hayamo." Nililitamka neno lile kama mtu anayesema wadoezi.

Wimbo ukakatika. Bibi Atupele akashusha mkungu wake taratibu, akauweka kando ya njia. "Ndaga, mwalimu," akasema, yaani ahsante, na wenzake wakashusha yao. Wakageuka wote, wakaondoka.

Mama alipokuta jikoni hakuna mtu, akauliza, nikamweleza. Hakunipiga, bora angenipiga. "Mwanasherehe ni mtu anayeichukua furaha yako akaifanya yake," akaniambia. "Ukimfukuza huyo, siku ya msiba utalia na nani? Nenda ukawarudishe. Dada yako hatoki ndani bila wao." Na kweli, nilimsikia Tumaini analia chumbani.

Nilivua viatu nikapanda kilima mbio. Bibi Atupele alikuwa amekaa anachambua maharage. Nikapiga magoti, nikamwomba radhi. Akaendelea kuchambua. Mwanangu, sijawahi kuona maharage mengi kama yale! Mwisho akauliza, "Sasa utatuita nani?"

"Wanasherehe," nikajibu huku machozi yananitoka, "wanasherehe wetu, bibi."

Akacheka, akainuka. "Basi utamenya na sisi." Nilimenya mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, na walinitania kutwa nzima. Tumaini alipotoka mlangoni, vigelegele vyao vilimfanya atabasamu hata kabla hajamwona bwana arusi.

Wengi wao wametangulia. Siku hizi tunakodi wapishi, chakula kinakuja kimefunikwa vizuri, na wageni wanakula wakiangalia simu. Nawatamani wale mama, nakwambia ukweli. Ningetoa chochote niwasikie tena wakishuka kile kilima.

Kwa hiyo sikia. Neno hilo uliseme kwa heshima. Anayeacha shamba lake kuja kukuchezea ngoma hakukosa chakula kwao. Amekuhesabu kuwa mtu wake. Mpokee, mpe kiti, na yeye akiwa na shughuli nenda ukamenye.

Mungu akujalie watu, mwanangu. Asikuache hata siku moja ufurahi peke yako.