Jamvi la Karafuu

Utotoni mwangu, kijijini Ole, nilikuwa mtoto mweupe peke yangu mtaa mzima, na macho yangu hayakutulia hata nilipotulia mimi. Bibi, mzaa baba, hakunionea haya. Aliamini tu kwamba shetani alinipitia tumboni mwa mama kabla sijakolea, na jua ndilo litakalomalizia kazi.

Kwa Bibi hapakuwa na kisichofaa kuanikwa: mihogo, magodoro, hata mbuzi mwenye kikohozi. Karafuu ziliingia jamvini mbichi, zina kijani na wekundu, zikatoka nyeusi. Basi msimu mmoja, mama alipokwenda hospitali Chake Chake kuulizia macho yangu, Bibi alinivua gauni akanilaza jamvini, kando ya karafuu.

"Usilie," akaniambia. "Ukilia, shetani ataregea kwako."

Sikulia, na mpaka leo nikikumbuka naumia. Ngozi ilianza kuwasha, kisha ikachoma, kisha mabega yakanibana kama nimevishwa nguo ya mtoto mdogo. Nilifumba macho, mwanga ukapenya. Nilimwogopa shetani kuliko jua. Bibi alikuja kunigeuza taratibu, mikono yake inanukia karafuu, huku akinisomea dua.

Mama alirudi adhuhuri, kofia ya ukili mkononi. Mama mkwe hagombezwi, naye hakugomba. Alivua kanga yake ya juu, akakaa jamvini, akanifunika.

"Wamtia kivuli," Bibi akasema. "Rangi haitomshika."

"Mama, daktari kanambia kaumbwa hivi. Ngozi yake haina rangi ya kumkinga, na macho sababu ni hiyo hiyo. Jua lamuunguza. Mtazame mabega."

Bibi akafunua kanga. Malengelenge yalikuwa yameshafura. Akakaa chini, na mvua ya alasiri ilipozinyeshea karafuu zake hakuinuka.

Leo sitoki bila kofia, mikono mirefu, miwani na mafuta ya kukinga jua. Daktari huliangalia doa lililo begani mwangu, nami kila mara huogopa atakachosema. Nilimkasirikia Bibi miaka mingi. Siku hizi najua alinipenda, na ni mapenzi hayo yaliyoniunguza.

Sasa anatembea kwa mkongojo. Nikipiga hodi hanijibu upesi. Namsikia akijikokota hadi dirishani, akifunga lile linaloingiza jua, ndipo huniita, "Karibu, mjukuu wangu. Pita ndani."