Siku Nilipotafsiri "Tunawaangalia"

Siku yangu ya kwanza kazini nilitolewa chumbani kabla mkutano haujaanza. Kosa langu lilikuwa salamu. Wageni waliingia ofisi ya mkoa hapa Kisangani, nami, binti wa kata ya Mangobo niliyelelewa na wazazi wa Maniema, nikasimama nikawaambia karibuni. Mkuu wa Protokoli, yule afisa anayesimamia mapokezi ya wageni wa serikali, alinishika kiwiko akanipeleka nje.

"Zaina, nani alikuambia usalimie?"

"Papa Chef, ni heshima tu."

"Aka! Mukalimani hasalimiake. Mukalimani haiko mu chumba. Mugeni akisema 'mimi', na weye unasema 'mimi'. Akitukana, unatukana. Na yote unasikia mule, inabakia mule. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Nilisikia vizuri mno, na hilo ndilo ninalotaka kuwaeleza.

Nyinyi vijana mnaosomea ukalimani leo mna vibanda vya vioo na vipokea sauti vya kuvaa masikioni. Sisi tulikuwa na daftari na koo, basi. Kazi ilikuwa ya namna mbili. Ya kwanza ni kufuatana: mgeni anasema, ananyamaza, nawe unasema, ukisaidiwa na alama ulizochora. Kwangu mshale wa kwenda juu ulikuwa ahadi, wa kwenda chini ulikuwa kitisho, na duara tupu lilikuwa maneno ya adabu yasiyo na kitu ndani. Namna ya pili ni kunong'ona: unakaa nyuma ya mkubwa na kumtilia maneno sikioni wakati mwingine angali anasema. Shingo inauma, na ukimaliza hukumbuki kama umekula.

Baada ya muda nilitumwa Yangambi, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, safari ya mashua. Kiingereza changu kilikomaa kule, kati ya watafiti wa kigeni na wakulima. Mkuu wa Kituo alikuwa mtu wa mihogo, hakuijali protokoli hata kidogo. Kila mkutano ukiisha aliniita pembeni. "Mama Zaina, maneno ya mugeni nilishasikia. Bon, niambie wakulima wamesikia nini." Sijawahi kupata mkuu wa kazi kama yule. Aliyonifundisha niliyatupa siku niliyoyahitaji kuliko zote.

Niliporudishwa Kisangani, mji ulikuwa mikononi mwa majeshi mawili ya nchi jirani. Walikuja pamoja kama ndugu, halafu wakaanza kutazamana vibaya, hawa upande huu wa mji, wale upande ule. Na wote wawili walikuwa vipenzi vya taifa moja kubwa la mbali, ambalo ofisini tuliliita Mukubwa. Mukubwa alifundisha maofisa wa huyu, akafundisha na wa yule. Huyu akisifiwa leo, yule anasifiwa kesho. Msiniambie kwamba siasa za nje ni mambo ya wasomi! Kila jirani alilala akiwa na uhakika kwamba hata akiuchoma mji wetu, Mukubwa hatamkemea. Huo uhakika ndio uliotuletea vita.

Ndipo akaja mjumbe wa Mukubwa. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Wamama wa soko, wavuvi wa Wagenia, walimu, kila mtu alitaka kujua jambo moja: tukimbie au tubaki? Mjumbe akasema kwa lugha yake kwamba serikali yake inautazama mji wa Kisangani kwa karibu sana. Nami, kwa sauti safi, nikasema: "Tunawaangalia kwa karibu sana."

Mnaona nilichofanya? Yeye alisema kutazama, kama mtu anayetazama mpira. Lakini kwetu, mtoto anaangaliwa na nyanya yake mama akienda sokoni. Mgonjwa anaangaliwa hospitalini. Watu walisikia: tunawalinda. Ukumbi mzima ukapiga makofi, mama mmoja akapiga vigelegele. Mjumbe akatabasamu. Hakuuliza wanashangilia nini.

Kisha tukaingia mkutano wa faragha, nikinong'ona nyuma ya afisa mmoja wa mkoa wetu. Afisa akauliza bila kuzunguka: "Wakianza kupigana ndani ya mji, ninyi mutafanya nini?"

"Wote ni marafiki zetu," mjumbe akajibu. "Tutaziomba pande zote zijizuie."

"Hamuwezi kusimamisha misaada yenu, hata kidogo, waogope?"

"Hilo halizungumzwi leo."

Nilichora duara, na jingine, na jingine. Mlangoni nikavunja sheria, nikamwambia mshauri wa mjumbe kwamba watu wameelewa vibaya, wanadhani watalindwa. Aliniangalia kwa upole kabisa. "Mama," akasema, "kwani ni vibaya wakitulia?" Kisha akatazama saa yake, kwa sababu ndege ilikuwa inasubiri. Miaka yote hii imepita na nikimkumbuka damu inanichemka. Alijua, na utulivu wetu ulimfaa.

Nilikimbia kwa Mkuu wa Protokoli nimwombe ruhusa ya kwenda redioni kusahihisha.

"Weye njo unataka kuleta panike mu mji?" alisema. "Maneno ya mugeni ilishatoka. Haiko yako."

Dada yangu mkubwa, Yaya Asha, alikaa kata ya Tshopo na mtoto wake wa pekee, Riziki, aliyekuwa na miaka saba. Yeye na Riziki walikuwa na nafasi kwenye pirogi, mtumbwi wa kwenda Isangi, kesho yake. Nilimkuta mizigo imefungwa, sufuria ndani ya kanga. Akanikalisha kwenye kitanda.

"Zaina, weye ulikuwa mule ndani na bale wakubwa. Niambie. Tuende ao tubakie?"

Nilijua. Mungu wangu, nilijua! Masikio yangu yalikuwa bado na joto la yale maneno. Lakini niliona uso wa Papa Chef, nikaona kazi yangu, mdomo ukafunguka wenyewe: "Walisema wanatuangalia."

"Njo vile walisema?"

"Njo vile."

Akacheka kwa kupumua. Akafungua mizigo, akatoa sufuria, akatupikia lituma, zile ndizi za kupondwa, na tukala.

Vita ilianza siku chache baadaye, ikadumu siku sita. Mabomu yalivuka juu ya nyumba zetu kutoka jeshi hadi jeshi, na mengi hayakuvuka. Siku ya tatu moja lilianguka uani kwa Yaya Asha, alipotoka kuchota maji kwenye pipa. Riziki alikuwa chini ya kitanda. Tulimzika Yaya palepale uani, majirani wawili na mimi, maana makaburini hapakufikika. Vita ilipokwisha lilikuja tangazo la Mukubwa, nikapewa kulitafsiri. Lilisema anasikitika, na kwamba pande zote zijizuie. Nililitafsiri bila kosa hata moja.

Nilistaafu na cheti chenye muhuri na maneno ya "uaminifu na busara". Kipo sandukuni, sijakitundika. Redio ikisema siku hizi kwamba Mukubwa anafuatilia kwa karibu hali ya mashariki, kwamba amewakalisha majirani mezani na madini yetu yakiwa mezani hapohapo, naifokea mpaka majirani wanachungulia. Nyinyi mtakaokaa kwenye vile vibanda, heshimuni siri za kazi, sawa. Lakini mkijua kwamba neno lenu limewakalisha watu mahali watakapouawa, fungueni mlango mkapige kelele barabarani. Mtafukuzwa kazi. Mfukuzwe! Mimi sikufukuzwa, na tazameni.

Kurasa hizi nilikuwa nazisema, na Riziki, niliyemlea tangu siku ile, akizipiga kwenye kompyuta. Sehemu ya mama yake nilikuwa sijapata kumsimulia hata siku moja. Yeye alijua bomu tu. Alipofika pale kwenye "Nilijua" vidole vilisimama. Akauliza bila kugeuka: "Mama mudogo, ulijua?"

Nikamwambia ndiyo.

Alipiga yote mpaka mwisho, hakuacha neno. Kisha akafunga kompyuta, akachukua mkoba wake, akatoka. Mistari hii naiandika kwa mkono. Leo ni siku ya nne tangu atoke, na nikimpigia simu hapokei.