Bega la Mwamuzi

Mtaani walimwita Mnara, na si kwa urefu, maana hata mkewe alimpita kidogo. Walimwita hivyo kwa ajili ya mkono wake wa kulia. Siku za kazi alichomelea mageti kwenye kibanda chake. Jumapili alivaa jezi nyeusi akachezesha mpira. Na alipotoa lile pigo lisilo la moja kwa moja, ambalo bao halihesabiwi mpaka mpira umguse mchezaji wa pili, mkono ule ulisimama wima juu ya kichwa, hautikisiki, hadi huyo wa pili aguswe.

Waamuzi wachanga aliwaambia kwamba uwanjani mdomo ni pambo tu. Kipenga kinawajulisha watu kuwa kuna jambo. Mkono ndio unaowaambia ni jambo gani. Mkono ukinyamaza, kila mtu anajijazia lake, na hapo ndipo mawe yanapookotwa.

Tangu miezi ya baridi bega la mkono huo lilikuwa linakauka. Akiinua nyundo, lilimlia kama bawaba isiyo na mafuta. Alimficha kila mtu ila mkewe, ambaye sasa ndiye aliyemvalisha shati. Asubuhi ya fainali, akimfunga vifungo, mkewe alimshauri awaambie wakubwa wa chama cha mpira watafute mtu mwingine. Mnara akasema yuko sawa.

"Sawa gani, na chai unanywea kushoto? Mficha maradhi, mume wangu, kifo humuumbua."

Mnara akacheka, akasema bega halijaua mtu.

Mwaka uliotangulia, fainali kama hiyo ilikuwa imemalizikia hospitali. Mshika kibendera alishonwa paji la uso. Safari hii, kabla ya mchezo, vijana wa timu ya nyumbani walikaa juu ya ukuta uliobomoka, kimya, na kimya chao hakikumpendeza Mnara. Nahodha wao alimpa mkono, akamwambia kwa tabasamu kwamba leo kombe halitoki hapa. Hakungoja jibu.

Mchezo ulikwenda bila bao hata ukakaribia mwisho. Ndipo beki wa wageni alipomrudishia golikipa wake mpira kwa mguu, na yule, sijui shetani gani alimpitia, akaudaka kwa mikono. Kipenga kikalia. Mnara akainua mkono: pigo lisilo la moja kwa moja, la wenyeji.

Wageni wakaanza kubishana juu ya kupanga ukuta wao. Wakasogezwa, wakarudi, wakasogezwa tena. Bega likawaka moto, kisha vidole vikafa ganzi. Mpigaji alipoanza kukimbia, mkono ukaanguka wenyewe kama mzigo uliokatika kamba, na mpira ukaenda moja kwa moja wavuni bila kumgusa mtu.

Uwanja mzima ukaruka. Mnara peke yake alisimama. Mkono ungekuwa juu, lisingekuwa bao. Kwa kuwa ulishuka, wapigaji hawakuonyeshwa walichopewa, na kanuni inataka pigo lirudiwe. Ilikuwapo na njia ya tatu, nyepesi kuliko zote: aonyeshe katikati, yaani akubali bao, arudi kwa mkewe na mifupa yake yote. Wageni wangelalamika, lakini walikuwa wachache.

Nahodha alikuja mbio, akamwona uso, akapunguza mwendo.

"Onyesha kati, mzee," alisema kwa upole. "Onyesha tu, twende nyumbani sote."

Mnara akaonyesha mahali pa pigo. "Linarudiwa. Kosa ni langu, mkono ulishuka."

Nahodha aliutazama mkono ule unaoning'inia. "Kwa hiyo bao letu limeuawa na bega lako?"

Nahodha akawageukia watu wake, akajigonga bega mara moja, na kote kandokando ya uwanja watu wakaanza kujigonga mabega, mmoja akimwonyesha mwenzake. Kelele zikazima.

Mnara akainua mkono wa kushoto. Haukunyooka vizuri, lakini ulikaa juu. Mpigaji akamgusia mwenzake, mwenzake akafumua shuti, mpira ukapita juu ya mwamba na kupotelea nyuma ya goli.

Kazi ya mkono ilikuwa imekwisha, akaushusha. Hakuna aliyeufuata mpira. Watu wa mbele walikuwa wamekwisha kuvuka mstari wa chokaa, wanatembea tu kuelekea kwake, hawana haraka.