Gasketi ya Vitundu Vitatu

Mtaani wanamwita Milimita. Jina hilo alipewa na mpiga rangi wa magari wa jirani, aliyeapa kwamba mwanamke yule hata sukari ya chai huipima kwa rula. Yeye hucheka, kisha hurudi kupima. Ni fundi wa injini, mama wa watoto wawili, na gereji ni yake nusu kwa nusu na kaka yake mkubwa. Kaka huyo ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki, na ndiye aliyemtia spana mkononi wakati majirani walikuwa wakiuliza kwa nini asimnunulie cherehani kama wasichana wengine.

Ndiyo maana asubuhi ile ilikuwa nzito. Aliyekuwa amekosea hakuwa fundi mwenzake tu.

Injini iliyokuwa mezani ni ya dizeli, yenye tabo, feni inayoisukumia injini hewa, mali ya muuza mikate anayepandisha gari mlimani kila alfajiri likiwa limejaa makreti. Gari lilichemsha, gasketi ya silinda hedi, bamba jembamba linaloziba kati ya bloku na kifuniko chake, ikaungua, maji yakachanganyika na oili. Kaka alipeleka bloku kwa wachongaji, uso wa bloku uliopinda ukakwanguliwa mpaka ukanyooka. Kisha akaenda dukani mwenyewe kununua gasketi mpya.

Gasketi za injini ile hazilingani unene. Pembeni zina vitundu vidogo vya kuzitambulisha: yenye kitundu kimoja ndiyo nyembamba kuliko zote, yenye vitano ndiyo nene kuliko zote. Iliyoungua ilikuwa na viwili. Kaka akarudi na ya viwili, akamwonyesha muuza mikate mbele ya watu wote.

"Imetoka ya viwili, inarudi ya viwili. Injini haisahau saizi yake."

Hivyo ndivyo mafundi wengi wafanyavyo, na mara nyingi hawapati hasara. Lakini bloku ikishakwanguliwa, pistoni zikipanda huchomoza juu zaidi kuliko zamani. Gasketi ileile ya awali sasa inabana hewa kupita kiasi, na tabo nayo inazidi kuisukuma. Gari litapanda mlima mara chache, kisha gasketi itaungua tena, au pistoni itagonga hedi.

Kaka alipotoka, Milimita alifunga kipimo chake cha mshale juu ya bloku, akazungusha krenki, mhimili unaozipandisha pistoni, akazipima moja baada ya nyingine. Ya tatu ndiyo iliyochomoza kuliko zote, na injini huchaguliwa gasketi kwa pistoni iliyo juu kabisa. Ilidai vitundu vitatu.

"Si uweke ya vitano tu tukalale?" muuza mikate alisema. "Nene si ndiyo imara?"

"Ukivaa kiatu kikubwa kuliko mguu, utakimbia? Nene mno, mbano unapungua. Asubuhi ya baridi utapiga stata mpaka betri iseme basi, na mlimani utatoa moshi kama jiko la kuni mbichi."

Mpiga rangi alisogea, akanong'ona. "Milimita, nenda dukani ukabadilishe kimyakimya. Kaka yako hatajua. Funika kombe mwanaharamu apite."

Ushauri ulikuwa mtamu. Gari lingepona, na kaka angebaki na heshima yake.

Heshima gani hiyo? Mimi ninayesimulia nimechoka nayo, hii inayomwacha mkubwa atumbukie shimoni ili mdogo aonekane ana adabu. Wiki ijayo ingekuja bloku nyingine iliyochongwa, kaka angeweka tena kilichotoka, na safari hiyo huenda dada yake asingekuwepo. Lakini ni rahisi kwangu kusema. Sikulelewa na mtu yule.

Alingoja mpaka kaka aliporudi na muuza mikate alipokwenda kunywa chai.

"Kaka, naomba uje uone kitu."

"Nimeshakiona."

"Ulikiona kabla hakijachongwa."

Kaka aliweka chini kikombe cha chai alichorudi nacho. "Nani alikufundisha kushika spana?"

"Wewe. Na ulinifundisha nisiseme kitu ambacho sijakipima."

Alikuja, uso umekunjamana. Akazungusha krenki mwenyewe, pistoni ya tatu ikapanda, mshale ukasogea.

"Soma," alisema.

"Soma wewe, kaka. Usije ukasema nimetia chumvi."

Akainama. Akasogeza uso, akaurudisha nyuma, akafuta kioo cha kipimo kwa kidole ingawa kilikuwa safi. Milimita alitazama jicho lile likihangaika, akaelewa. Siku zote alidhani ni ukaidi.

"Tangu lini?" aliuliza polepole.

Kaka hakuinua kichwa. "Siuoni mshale. Mistari yote inakuwa ukungu. Ndiyo maana naweka kilichotoka." Akaongeza, "Ungebadilisha tu ukanyamaza. Nisingejua."

"Ndiyo maana sikunyamaza."

Akaichukua ile gasketi, akatoka nayo. Milimita alisafisha nyuzi za bolti, akazirudia zilizokuwa safi tayari. Hakujua kama kaka atarudi dukani au atakwenda nyumbani.

Alirudi, na gasketi ya vitundu vitatu mkononi. Muuza mikate alikuwa ameshamaliza chai.

"Kwanza vitundu viwili, sasa vitatu," alitania. "Mkiendelea hivi mtanifungia filimbi!"

Mpiga rangi akacheka. Kaka hakucheka.

"Mwanzo nilikisia," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Macho yangu hayasomi tena kipimo. Dada yangu amepima. Kuanzia leo humu ndani anayepima ni yeye."

Mpiga rangi alitazama viatu vyake. Milimita akalaza gasketi juu ya bloku, akahakikisha kila tundu la maji limekaa mahali pake. Kaka akashika ncha moja ya silinda hedi, yeye akashika nyingine, wakaishusha pamoja.