Baba wa Kuazima kutoka Foleni ya Malori

Nianze na ujinga wenyewe, nisizunguke: shule iliniambia nije na mzazi, mimi nikaenda na dereva wa lori.

Wala hakuwa dereva ninayemjua. Nilimwokota foleni. Anayekaa Tunduma hahitaji kuelezwa, lakini wewe wa mbali jua hivi: malori yanayokwenda Zambia na Kongo hupanga barabarani kwetu siku kwa siku, na ndani ya kila lori mna mtu mzima asiye na la kufanya. Huyu anafua soksi, yule anakoroma miguu ikiwa nje ya dirisha, mwingine anasonga ugali uvunguni mwa trela. Ukipungukiwa mtu mzima, ghala ni pale. Halafu mji wetu kila jambo lina mtu wa kukuvushia. Mzigo una wakala wake, fomu ina mtu wa kukujazia. Nikaona kuitwa na mzazi nako ni mpaka tu: unatafuta anayejua kuongea na wakubwa, anakuvusha, mnaachana ng'ambo.

Niliyempata alikuwa mtu wa Tanga, mpana, shati la maua, anapiga mswaki huku ameegemea tairi.

"Shikamoo, anko. Unaweza kuwa baba yangu kwa dakika kumi?"

Akanitazama mswaki ukiwa mdomoni. "Mama yako ndiye kakutuma?"

"Hajui chochote."

"Afadhali. Nilidhani natafutwa." Akatema povu, akacheka mpaka kitambi kikacheza. "Umefanya nini?"

"Nimechelewa namba ya asubuhi getini tu, anko."

Uongo. Yeye sikumwambia, wewe nakwambia. Wiki mbili kabla ya hapo nilifungua mpaka chooni. Nilichonga muhuri kwa kiazi mviringo, nikauchovya kwenye wino wa peni, nikaburuta dawati bovu mpaka mbele ya vyoo vya wavulana, nikakaa kama afisa. Kila aliyetaka kupita alileta daftari nigonge. "Unakwenda kufanya nini huko? Fupi au refu? Utakaa siku ngapi?" Shule nzima ilikuwa hoi. Hata viranja walipanga foleni. Ningeishia hapo ningekuwa shujaa mpaka leo. Lakini akaja mtoto mmoja wa kidato cha kwanza, mdogo, sare inampwaya, mkononi hana daftari. Nikamwambia nyaraka zake hazijakamilika, arudi nyuma ya foleni. Akarudi. Alipofika tena mbele nikamrudisha tena. Safari iliyofuata alinitazama tu, na suruali yake ikaanza kubadilika rangi kushuka mpaka kwenye soksi. Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Kesho yake yule mtoto hakuja shule. Wiki ikaisha hajaja.

Barua ya kwanza ya kumwita mzazi wangu nilijisainia. Ya pili pia. Ya tatu mkuu wa shule alinipa kwa mkono wake, akasema taratibu kama anayeagiza chai, "Jumatano uje na mzazi. Usipokuja naye, jina lako linakwenda kwenye bodi. Na safari hii bodi haimsimamishi mtu, inafukuza."

Niko kidato cha tatu. Rafiki yangu aliyefukuzwa mwaka jana anavusha magunia kwa baiskeli, na ukimsalimia anaangalia pembeni. Kwa hiyo msidhani nilikuwa sijui kinachonisubiri.

Na mama je? Mama yangu anauza dagaa wa Mpulungu. Alfajiri yuko Nakonde, upande wa Zambia, kuchukua mzigo, mchana yuko sokoni kwetu. Nilijiambia ana kazi nyingi. Nilijiambia pia angenichapa. Hizo ndizo sababu nilizokuwa nazo, ziache hapo kwanza.

Jumatano nikaongozana na baba yangu mpya. Njiani aliniuliza jina langu, na kabla hatujafika getini alikuwa amelisahau, ikawa ni "mwanangu, mwanangu" asubuhi yote. Ofisini alikuwepo mkuu wa shule na mwalimu wa malezi, mama mmoja mpole wa Kagera. Walimu wetu wengi ni wageni, lafudhi ya Tanga haikuwashtua. Lakini dereva wangu akaona haitoshi.

"Mimi ni mzaliwa wa hapa hapa," akasema akijipiga kifua. "Mnamwanga kindakindaki."

Hilo sikumwagiza.

Mwalimu wa malezi akatabasamu. "Mzazi, tumekuwa tukiwaita, mnasikiliza, mnamzaba mtoto kibao mbele yetu tuone, mnaondoka. Mtoto anabaki vilevile, mwisho tunamfukuza. Sasa tumebadilisha. Kabla hatujamfukuza mtoto, mzazi anakaa naye darasani siku nzima. Dawati moja. Mpaka saa nane na nusu."

Tulitazamana, mimi na baba yangu. Sijawahi kumwona mtu akipauka hivyo.

"Siku nzima? Mimi nina foleni."

"Foleni gani, mzazi?"

Nikakohoa.

"Ya mashine," akasema. "Nina mahindi mashineni."

"Mahindi yatasubiri."

Tukaingia darasani. Nilitegemea aibu ya mwaka, lakini kilichotokea sikukitegemea hata kidogo. Kipindi kilikuwa jiografia, mwalimu anafundisha shaba ya Zambia na Kongo, na yule mtu akanyoosha mkono! Akaeleza njia yote mpaka Lubumbashi, wapi mlima, wapi daraja, wapi ukilala unaamka huna tairi la akiba. Mwalimu akakaa chini kumsikiliza. Jamaa wa dawati la pembeni akaninong'oneza, "Mzee wako noma, kwa nini ulimficha?" Baba yangu halisi alikwenda Galula kwenye mashimo ya dhahabu nikiwa darasa la nne, na hajarudi. Kwa hiyo kwa vipindi viwili nilikuwa na baba, na lazima nikiri ilikuwa tamu. Kila honi ilipolia barabarani alishtuka kutaka kuinuka, kwa sababu foleni ikisogea na lori likabaki, wenzako wanakupita. Lakini hakutoka.

Kisha tukaitwa tena ofisini. Pale palikuwa na bibi mmoja amekaa, kitenge kifuani, viatu vina vumbi jekundu. Sikuwa namjua. Mwalimu wa malezi akasema huyu ametoka kijijini Ihanda, ni bibi yake yule mtoto wa kidato cha kwanza. Mtoto alikuwa anakaa hapa mjini kwa shangazi, ila tangu siku ile amekimbilia kwa bibi na hataki kurudi.

Bibi akasimama kutusalimia. Sasa huku kwetu mtu mzima hasalimiwi kwa mdomo peke yake. Mwili wangu ulifanya kazi kabla ya akili: nikachuchumaa, nikakunja viganja, nikapiga makofi yale ya taratibu, macho chini. Dereva wangu akabaki wima kama nguzo ya umeme, akampa mkono.

"Shikamoo, mama! Za safari?"

Bibi hakuupokea ule mkono. Akanitazama mimi niliyeko chini, akamtazama yule aliyeko juu.

"Kijana huyu amelelewa," akawaambia walimu.

Mkuu wa shule akaanza kutabasamu.

"Ila siyo na huyu."

"Bibi," mkuu akasema, "huyu ndiye baba yake. Mnamwanga wa hapa hapa."

Bibi ni Mnyiha, lakini majirani hawa wanasikilizana. Akamgeukia dereva, akamsalimia kwa Kinamwanga, salamu ndefu yenye habari za watoto na za shamba.

"Asante sana," dereva akajibu.

Nyie! Salamu ile hata mtoto wa kwetu anajua kuijibu. Nilibaki pale pale chini nimechuchumaa, viganja vimeshikana, nimesahau namna ya kusimama.

Dereva akavua kofia. "Mwalimu, nisameheni. Huyu hata jina lake silijui. Ameniambia kachelewa namba."

"Kachelewa namba?" Bibi akakaa. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. "Mjukuu wangu hanywi maji asubuhi. Namwekea uji, anauacha. Nikamuuliza, mjukuu wangu, unaumwa? Akasema anafanya mazoezi. Mazoezi gani? Akasema ya kukaa na kiu, ili siku wakimrudisha shule asihitaji choo."

Nawaambia ukweli, mimi ni mtu wa kujibu. Mwalimu akisema moja mimi nina mbili. Pale nikabaki kutazama vumbi kwenye viatu vya bibi. Mtoto mzima anajifunza kukaa na kiu kwa sababu ya kiazi changu.

Nje honi zikaanza kulia nyingi kwa pamoja. Foleni ilikuwa imesogea. Dereva akafika mlangoni, akageuka. "Mimi nina wanne Tanga," akasema, na sikujua anamwambia nani. "Sijawahi kukaa dawati moja na hata mmoja wao." Akaondoka akikimbia.

"Namba ya simu ya mama yako," akasema mkuu wa shule.

"Nilimwogopa, mwalimu. Angenichapa."

"Namba."

Alifika kwa bodaboda kabla ya saa tano, moja kwa moja kutoka kwenye mzigo, magamba ya dagaa yanang'aa mikononi hadi kwenye viwiko, na harufu ikaingia ofisini mbele yake. Hakunitazama. Alimwona bibi, akachuchumaa palepale mlangoni, akakunja viganja, akapiga makofi.

"Ee," bibi akasema. "Huyu ndiye."

Wakamweleza yote. Barua zikawekwa mezani, mbili zina saini yake ambayo hakuiweka. Alizisoma moja moja mpaka mwisho, akaipapasa ile saini kwa kidole.

"Nzuri kuliko yangu," akasema. Basi. Nilikuwa nimeshakaza shavu kusubiri kofi, na kofi halikuja. Hapo ndipo niliogopa kweli.

Mkuu wa shule akasema kosa sasa limekuwa mawili, jina linakwenda kwenye bodi. Mwalimu wa malezi akasema utaratibu unataka mzazi, na mzazi amefika. Mkuu akasema amefika baada ya mzazi wa bandia. Walibishana hivyo kwa adabu, mimi nikiwa katikati kama gunia lisilo na mwenyewe, mpaka bibi akagonga meza kwa kidole.

"Mkimfukuza huyu, mjukuu wangu atakunywa maji?"

Mkuu wa shule akaweka kalamu chini.

"Jumamosi aje kwangu na mama yake. Amwambie mwenzake kwa kinywa chake, amrudishe shule. Mjukuu wangu akikataa, hapo mfukuzeni, sitawazuia."

Mkuu wa shule akakubali. Mpaka Jumatatu.

Nilidhani mama ataniburuta nyumbani. Badala yake akauliza, "Nimesikia kuna kukaa darasani. Vimebaki vipindi vingapi?"

Akakaa. Dawati letu la mwisho kabisa, bega kwa bega, daftari langu katikati. Haijapita muda mtu wa mbele akanusa hewani, akasema, "Wazee, leo nani kaja na mboga?" Darasa likacheka. Na mimi, Mungu anaona, nikacheka. Kidogo tu, kwa mazoea, kama mguu unavyoruka ukigongwa gotini. Nikageuka. Mama alikuwa ananitazama. Kisha akarudisha macho ubaoni, akanakili hesabu yote kwenye daftari langu, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Siku tatu hakuniambia neno ila "kula" na "funga mlango".

Jumamosi tukashuka Ihanda. Yule mtoto alikuwa uani anageuza kahawa iliyoanikwa, aliponiona akarudi nyuma ya bibi yake. Nilikuwa nimeandaa maneno usiku kucha, na kichekesho kimoja cha kufungulia. Kabla sijafungua mdomo, mama yangu akachuchumaa mbele ya yule mtoto. Mama yangu! Kwa mtoto mwenye umri wa mdogo wangu! Akakunja viganja, akapiga makofi kama anasalimia chifu. Hata bibi alishika mdomo. Kile kichekesho sijui kilikwenda wapi, sijakiona mpaka leo. Nikashuka chini pembeni ya mama, magoti kwenye vumbi.

"Mwenzangu nisamehe," nikasema. "Nilikufanyia unyama."

Akasogea hatua moja. "Ule mpaka bado upo?"

"Haupo. Dawati nimelirudisha stoo."

"Na wakicheka?"

"Watacheka mimi nikiwepo. Tutakwenda wote, nitasimama mlangoni."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Bibi akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji, akampa mjukuu wake. Mtoto akatazama kikombe, akanitazama mimi. Akanywa nusu. Akasema Jumapili jioni atarudi kwa shangazi yake.

Tukasimama barabarani kusubiri basi. Mimi nilikuwa mwepesi kama manyoya, nikaanza kupiga mluzi. Mama akarekebisha kitenge chake, akaangalia upande yanakotokea magari, ndipo akaongea.

"Umewaambia walimu uliniogopa," akasema. "Mtoto anayemwogopa mama yake hafoji saini yake, wala haendi kumtafutia mume barabarani. Wewe uliniona aibu. Basi Jumatatu nakuja tena, na safari hii nakaa dawati la mbele."